Minyoo wa Mviringo: wa Kondoo, wa Viazi na wa Udongo

Siku moja ya soko mama mmoja wa skimu yetu alifika ofisini na vitu viwili. Kwapani alikuwa na mwana-kondoo dhaifu, na chini ya taya la mnyama huyo palikuwa na uvimbe laini kama mfuko wa maji. Mkononi alikuwa na mche wa nyanya alioung'oa, na mizizi yake ilijaa mafundo kama shanga zilizotungwa vibaya. Bwana Shamba alikuwa amekwenda mashambani. Basi mama akaketi kumngojea, akanieleza mimi shida yake.

"Karani, mwanangu," akasema, "mwenye duka aliniambia kondoo ana minyoo na nyanya pia zina minyoo. Nikanunua chupa moja ya dawa. Nusu nikawanywesha kondoo watatu, na nusu nikaimimina kwenye mashina ya nyanya. Kondoo hajapona, na nyanya ndizo hizi. Je, dawa ni mbovu au minyoo hawa ni wagumu?"

Mimi sikucheka, na wewe msomaji usicheke. Mama yule alikuwa ameshika nusu ya ukweli, tena nusu ambayo wengi wetu hatuijui. Mnyoo aliyekuwa tumboni mwa kondoo na mnyoo aliyekuwa katika mizizi ya nyanya ni wa ukoo mmoja. Wataalamu huuita ukoo huo nematodi, na sisi twaweza kuwaita minyoo wa mviringo. Nusu aliyoikosa ni hii: ndugu hawa wamefanana umbo, lakini kila mmoja ana njia yake ya kuishi, na dawa au kazi inayomzuia mmoja humwacha mwenzake salama. Somo la mwezi huu ni juu ya njia hizo.

Umbo lao

Kwanza tuwatenge na wengine. Nyungunyungu anayeonekana ukilima wakati wa mvua si mmoja wao. Yeye ana pingili mwilini, naye ni rafiki wa shamba. Tegu ni bapa kama utepe. Mnyoo wa ini la ng'ombe ni bapa kama jani. Mnyoo wa mviringo hana pingili wala miguu, ni laini, amechongoka pande zote mbili, na ukimkata katikati utaona duara kama ya uzi au waya. Ndiyo sababu ya jina lake.

Mwili wake ni bomba ndani ya bomba. Bomba la nje ni ngozi ngumu, na la ndani ni utumbo utokao kinywani mpaka nyuma. Katikati ya mabomba hayo mawili mna maji yaliyobanwa, nayo ndiyo humfanya asilegee, kama upepo unavyolikaza gurudumu la baisikeli. Hana mifupa, hana moyo, hana mapafu. Misuli yake yote imelala kwa urefu wa mwili, hakuna iliyomzunguka. Kwa hiyo hawezi kujifupisha na kujivuta kama nyungunyungu; yeye hujipinda huku na huku kama mjeledi. Ukiona kidudu chembamba ndani ya maji kikijipinda namna hiyo bila kupumzika, yaelekea ni yeye.

Ngozi ile haitanuki vya kutosha anapokua. Imempasa aivue kama nyoka, naye hufanya hivyo mara nne tangu kutoka katika yai mpaka kuwa mzima. Likumbuke jambo hili la kuvua ngozi, maana tutalihitaji tukifika kwa kondoo.

Zaidi ya aina 25,000 zimekwisha kuelezwa na kupewa majina, na wataalamu wanaamini kwamba zilizobaki bila majina ni nyingi kuliko hizo. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya hesabu za udongo wa dunia nzima, wakakisia kwamba katika udongo wa juu peke yake kila mwanadamu aliye hai ana minyoo bilioni 57 ya kugawiwa. Wamo ndani ya bahari na ndani ya siki. Mwaka 2011 wengine walitangazwa kuonekana katika maji ya mgodi wa dhahabu wa Afrika ya Kusini, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Wengi hawafiki milimita moja kwa urefu, lakini yuko mmoja aishiye ndani ya nyangumi ambaye alipimwa akawa na mita 8 na zaidi.

Walio wengi hawana haja nawe. Hula bakteria na kuvu, na kwa kufanya hivyo huifungua mbolea iliyofungwa ndani ya vijidudu hivyo ili mimea iitumie. Mmoja wao amekuwa hata mwalimu wa madaktari. Mwaka 1963 Sydney Brenner, mtaalamu aliyezaliwa Afrika ya Kusini, alipendekeza huko Uingereza kwamba achunguzwe mnyoo mdogo apatikanaye katika matunda yanayooza, aitwaye Caenorhabditis elegans. Alimchagua kwa sababu hukua kwa siku 3, ni mng'avu kama kioo, na seli zake zahesabika. Zikahesabiwa: mzima ana seli 959 za mwili, na kati ya hizo 302 ni za fahamu. Mwaka 1998 akawa mnyama wa kwanza ambaye maandishi yote ya urithi wake yalisomwa, na mwaka 2002 Brenner na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mambo mengi tujuayo leo juu ya namna dawa za minyoo zinavyofanya kazi tulifundishwa na mnyoo huyo wa matunda mabovu.

Sasa turudi kwa wale wanaotutia hasara.

Mnyonya damu wa kondoo

Mwana-kondoo yule alikufa usiku uleule. Asubuhi yake daktari wa mifugo alimpasua mbele yetu. Kondoo ana matumbo manne, na daktari alilifungua la nne. Ndani mlikuwa na nyuzi nyingi zikijipinda, kila moja kama sentimita 2 au 3, na kila moja ilikuwa nyekundu na nyeupe kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Wekundu ni damu ya kondoo iliyomo ndani ya utumbo wa mnyoo, na weupe ni mifuko ya mayai iliyouzunguka utumbo huo. Huyo ni jike la Haemonchus contortus.

Tufanye hesabu kidogo, kama zamani shuleni. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo kama mililita 0.05 za damu kwa siku, yaani tone moja. Tone moja si kitu. Lakini minyoo 1,000 ni mililita 50. Mwana-kondoo wa kilo 15 ana damu ya lita moja hivi. Basi kila kukicha sehemu moja katika 20 ya damu yake imekwenda, na mwili hauwezi kuirudisha upesi namna hiyo. Damu ikiwa nyepesi, maji yake huvuja na kujikusanya mahali pa chini, na ndiyo maana ya ule uvimbe wa taya. (Minyoo wa ini nao huleta uvimbe wa namna hiyo, hasa palipo na malisho ya majimaji. Kwa hiyo usiamue kwa kuutazama uvimbe tu. Mnyama akifa, mwite mtaalamu ampasue.)

Hesabu ya pili ni ya mayai. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku. Kondoo mwenye majike 200 tu, ambaye kwa macho aonekana mzima, humwaga mayai milioni moja malishoni kila siku pamoja na mavi yake. Kondoo jike humwaga mengi zaidi karibu na kuzaa na wakati wa kunyonyesha, ndipo hasa wana-kondoo wanapoanza kung'ata majani.

Mayai hayawezi kumdhuru kondoo. Hili ndilo jambo la kushika. Ni lazima kwanza yaanguliwe penye joto na unyevu, vinyoo wachanga wale bakteria ndani ya mavi, wavue ngozi mara mbili, na hiyo kazi huchukua kama juma moja hali ikiwa nzuri. Mara ya pili hawaivui ngozi kabisa, bali hubaki nayo juu ya mwili kama koti la mvua. Koti hilo huwakinga na ukavu, lakini limewafunga kinywa pia. Hawali tena. Wanaishi kwa akiba, kama mtu aliyefungiwa ghalani na gunia moja la mahindi. Penye jua kali wao huhangaika, akiba ikaisha upesi wakafa. Penye ubaridi na unyevu, kama nyanda zetu za juu wakati wa mawingu, waweza kungoja miezi.

Kinyoo aliyevaa koti hupanda jani la nyasi ndani ya utando wa maji ya umande, akangoja kuliwa. Hapandi sana, wengi hubaki chini karibu na ardhi. Akimezwa huvua koti, huingia tumbo la nne, na baada ya majuma 3 hivi anataga.

Ukiijua njia hii, mambo mengi uliyoambiwa na maofisa bila kuelezwa sababu yatakuwa wazi. Usifungue kondoo kabla umande haujakauka, kwa sababu kinyoo hupanda kwa maji. Usiache nyasi ziliwe mpaka chini kabisa, kwa sababu huko ndiko waliko wengi. Walishe ng'ombe wazima mahali palipolishwa kondoo, kwa sababu mnyoo huyu wa kondoo na mbuzi hafanikiwi vizuri katika ng'ombe, na ng'ombe anapokula huwameza na kuwamaliza. Mbuzi naye apewe vichaka: mnyoo hapandi mti, na mbuzi kwa asili ni mla matawi, hivyo mwili wake haukujifunza kupigana na minyoo kama mwili wa kondoo. Mkulima anayemfunga mbuzi kwenye nyasi fupi mwaka mzima amempeleka vitani bila ngao.

Wakulima wengine hudharau kondoo mwekundu wa Kimaasai kwa kuwa ni mdogo kuliko Dorper. Katika miaka ya 1990 watafiti walifuga aina hizo mbili pamoja huko Diani, pwani yetu, na wana-kondoo wa Kimaasai walionekana kuwa na mayai machache ya minyoo mavini, damu nzito zaidi, na vifo vichache. Penye unyevu mwingi na dawa chache, udogo wake si hasara kama tunavyodhani.

Kwa nini dawa hushindwa

Mama aliuliza kama dawa ni mbovu. Daktari aliitazama chupa, akaikuta ni nzuri, muda wake ulikuwa haujapita. Lakini chupa ile, kwa maandishi yake yenyewe, isingewatosha kondoo watatu hata kama yote ingenyweshwa; na wao walipata nusu tu. Dawa pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Walioachwa ndio wanaotaga, na watoto wao wanafanana nao. Ukifanya hivyo mara nyingi umechagua mbegu, kama unavyochagua mahindi ya kupanda, ila umechagua mbegu ya adui.

Mambo haya si mapya. Dawa ya thayabendazoli ilitoka mwaka 1961, wafugaji wakashangilia. Mwaka 1964 kondoo wa Marekani walikwisha kuonekana na minyoo wasioogopa dawa hiyo. Ivamektini ilitokana na kijidudu cha udongo wa Japani, ikaanza kutumiwa kwa mifugo mwaka 1981. Ni dawa njema mno, hata wavumbuzi wake Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kabla ya mwaka 1990 Haemonchus wa Afrika ya Kusini walikwisha kuizoea. Kenya nayo ina minyoo sugu, nao wameripotiwa tangu miaka ya 1980.

Basi kondoo apimwe uzito, au angalau hesabu ifanywe kwa yule mzito zaidi kundini, wala si kwa kukisia kijiko. Dawa iwekwe nyuma ya ulimi. Tena angalia ukoo wa dawa, usitazame rangi ya chupa. Albendazoli na febendazoli ni ndugu. Ukiacha moja na kuchukua nyingine hukubadilisha kitu. Levamisoli ni ukoo mwingine, na ivamektini ni wa tatu.

Jambo la mwisho juu ya dawa huwashangaza watu: usiwanyweshe wote kila mara. Huko Afrika ya Kusini madaktari wa mifugo walitengeneza kadi yenye rangi tano, tangu nyekundu mpaka nyeupe, ya kulinganisha na ngozi ya ndani ya kope la chini la jicho. Kondoo mwenye kope jekundu ana damu ya kutosha, haachiwi dawa. Mwenye kope jeupe hupewa mara moja. Kwa njia hiyo minyoo wa wale wasionyweshwa, ambao bado wanaogopa dawa, huendelea kuchanganyika na wale sugu na kuwapunguza nguvu. Na ghali ya dawa hupungua vilevile.

Mafundo ya nyanya

Sasa tuuchukue ule mche. Kinyoo mchanga wa aina hii, ambaye kitaalamu ni Meloidogyne, ana sindano kinywani. Huingia mzizi karibu na ncha, akatulia mahali pamoja, na mate yake huifanya mimea kumjengea seli kubwa kubwa za kumlisha. Mzizi huvimba. Jike naye huvimba ndani yake mpaka akawa kama pea, hawezi kutembea tena, kazi yake ni kula na kutaga. Hutaga mayai 300 mpaka 500, yakiwa ndani ya ute. Kwenye joto, kutoka yai mpaka yai ni kama mwezi mmoja. Penye baridi huchukua muda zaidi. Msimu mmoja wa nyanya waweza kuwa na vizazi vitatu. Mche hunyauka mchana ingawa udongo una maji, mkulima akaongeza maji na mbolea bure, kwa kuwa mifereji ya kuvipandisha imezibwa.

Usichanganye mafundo haya na vinundu vya maharagwe. Kinundu cha maharagwe kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, hutoka ukikisugua kwa kidole, na ndani yake ni chekundu hafifu. Hicho chakutengenezea mbolea. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halitoki bila kuuvunja.

Dawa ya kondoo haikuwa na kazi hapo. Mnyoo yumo ndani ya mzizi, wenzake wamo ndani ya mayai katika udongo, na kumwaga dawa ya mifugo kwenye mboga za kula ni hatari bila faida. Lakini huyu naye ana udhaifu wake: kwa nguvu zake mwenyewe hafiki mbali, labda mita moja kwa mwaka. Anayempeleka kutoka shamba hata shamba ni mtu. Hupanda kwenye jembe lenye udongo, kwenye gurudumu la trekta ya kukodi, kwenye maji ya mfereji, na zaidi ya yote kwenye miche ya kununua. Kitalu kiwe mahali safi. Baada ya mavuno ng'oa mizizi yote, ianike juani ikauke, kisha ichome, usiilimie chini. Tia samadi nyingi. Ziko nyanya zinazomhimili, nazo pakiti zake mara nyingi huwa na herufi N pamoja na herufi nyingine baada ya jina. Lile gugu lenye harufu kali ambalo Wakikuyu huliita mubangi husaidia kuwapunguza likioteshwa kwa wingi. Penye joto la kutosha, nyasi za Rhodes kwa miaka miwili au mitatu hupumzisha shamba na kulisha ng'ombe kwa wakati mmoja.

Viazi vyahitaji hadhari zaidi. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba mnyoo wa vifuko, Globodera rostochiensis, ambaye asili yake ni milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, amekwisha kuingia Kenya. Uchunguzi uliofuata ulimkuta katika kaunti nyingi zipandazo viazi, Nyandarua ikiwamo. Jike wake hujitokeza nje ya mzizi, akafa akiwa amejaa mayai, na ngozi yake hugeuka kifuko kigumu kidogo kama chembe ya mchanga. Ukifukua mizizi wakati viazi vinapochanua maua, utaviona vikiwa vyeupe au vya rangi ya dhahabu. Kimoja huweza kuwa na mayai mamia, nayo hungoja udongoni miaka 20 hata zaidi. Huamshwa na majimaji yatokayo katika mizizi ya viazi. Yaani ukipanda mahindi wanalala. Ukipanda viazi umewapigia kengele.

Ndiyo sababu shamba lipandwalo Shangi msimu baada ya msimu hutoa magunia machache kila mwaka, na watu husema udongo umechoka. Kila mwaka usipopanda viazi, nyanya wala biringani, sehemu ya mayai huanguliwa bure na kufa njaa. Mzunguko mrefu ndio dawa. Nunua mbegu iliyothibitishwa na KEPHIS, na uwaulize watu wa KALRO Tigoni aina zinazomhimili mnyoo huyu. Mwaka 2022 yalitangazwa pia majaribio yaliyofanywa katika mashamba ya Kenya ya kufunga kila mbegu ya kiazi kwa karatasi ya nyuzi za mgomba kabla ya kuipanda. Karatasi huyazuia majimaji ya mizizi yasiwafikie minyoo, na mavuno yaliongezeka.

Wetu wenyewe

Nisiseme mengi juu ya minyoo wa watu, kwa kuwa wa afya wana gazeti lao. Lakini njia ni zilezile. Mchango wa watoto hutaga mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo hukaa udongoni majuma 2 au zaidi kabla ya kuwa na nguvu ya kudhuru. Yakimezwa kwa mkono mchafu au mboga isiyooshwa, vinyoo husafiri kwa damu mpaka mapafuni, wakakoholewa na kumezwa tena. Mayai yake ni magumu ajabu, hata ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, huendelea kukua. Kwa hiyo usitegemee kuyaua, yazuie chooni. Safura hamngojei mtu ameze: huingia kwa ngozi ya mguu. Arthur Looss, Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aliligundua jambo hilo kwa bahati mbaya mwaka 1898 alipodondokewa na maji yenye vinyoo mkononi, akaugua mwenyewe. Choo cha shimo na viatu vyaziba njia zote mbili.

Na tusidhani kazi hii haina mwisho. Mnyoo wa Guinea, mwenye urefu wa mita nzima, alikuwa katika watu milioni 3.5 hivi mwaka 1986. Hakuna dawa wala chanjo yake. Watu walijifunza tu njia yake, wakachuja maji ya kunywa kwa kitambaa na kumzuia mgonjwa asiingie bwawani. Kenya ilithibitishwa kuwa haina mnyoo huyo mwaka 2018, na mwaka 2023 dunia nzima ilikuwa na wagonjwa 14.

Lazima niwataje pia wale wa upande wetu. Minyoo wa jamii ya Steinernema huingia ndani ya funza wa udongoni wakiwa wamebeba bakteria, na funza hufa kwa siku mbili hivi. Aina moja ya jamii hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1997 kutoka katika udongo wa Kenya, ikaitwa Steinernema karii. Anayemwaga sumu kali ya kuua kila kitu udongoni huwaua na askari wake.

Jionee mwenyewe

Chukua chujio pana, utandike karatasi laini ya choo, utandaze juu yake udongo mbichi unene wa kidole kimoja. Liweke juu ya sahani, umimine maji pembeni mpaka yauguse udongo. Liache siku nzima kivulini. Minyoo watapenya karatasi na kushuka. Mimina maji ya sahani katika gilasi, yaache yatulie, kisha tazama chini yake kwa kioo cha kukuzia, gilasi ikiwa mbele ya mwanga. Utaona nyuzi ndogo zikijipinda. Usishtuke, wengi ni wema, na kwa kioo hicho huwezi kuwatenga. Ila watoto wa shule hufurahi sana.

Njia ya kutenga ni mkebe. Chota udongo sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20, uuchanganye, ujaze mkebe uliotobolewa chini, upande humo mche wa nyanya uliotoka mahali safi. Baada ya majuma 6 ung'oe, uoshe mizizi polepole, uangalie mafundo. Ukitaka kutuletea udongo huo uchunguzwe, nusu kilo yatosha, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, usiachwe juani, na kikaratasi chenye jina lako, namba ya shamba na zao la mwisho.

Mama yule aliweka mikebe minne barazani kwake, mmoja kwa kila pembe ya shamba. Alipoing'oa miche alikuta mafundo katika mikebe miwili ya upande wa mfereji. Miwili ya upande wa juu ilikuwa safi, na huko ndiko alikohamishia kitalu chake.